Nimealikwa dim sum Guangzhou: nguruwe sili, na kamba wananidhuru

"Nauza mapazia na mashuka Kariakoo. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza kufuata mzigo, na mwenye kiwanda ameniahidi kwamba Jumapili yeye na mkewe watanipeleka mkahawa wa dim sum, vile vitafunwa vidogo vya Kichina ambavyo vingi hupikwa kwa mvuke. Mimi ni Mwislamu, nguruwe sigusi. Halafu kamba wananidhuru. Mara ya kwanza nilivimba midomo na kutoka vipele. Mara ya mwisho, mwaka jana harusini, nilitapika, koo likabana, nikakimbizwa hospitali kuchomwa sindano. Wenzangu waliozoea safari wanasema niagize vya mboga tu, nimeze Piritoni kabla ya kukaa mezani, na kwamba mvuke unaua kila kitu. Wengine wanasema nikikataa chakula cha mwenyeji nimemvunjia heshima na biashara imekufa. Nifanyeje?"

Dada yangu, umeniuliza mambo mawili yaliyofungwa katika fundo moja. Nguruwe ni suala la dini yako, na kamba ni suala la uhai wako. Wenzako wamekupa dawa moja ya yote mawili, "agiza vya mboga", na dawa hiyo kwenye meza ya dim sum haifanyi kazi. Nitaeleza kwa nini. Lakini nianze na koo lako, maana hilo halisubiri Guangzhou.

Ndani ya nyama ya kamba kuna protini iitwayo tropomiosini. Ipo pia kwa kaa na kamba kochi, ndiyo maana mtu anayedhurika na mmoja mara nyingi hudhurika na wengine. Mwili wako umeisoma protini hiyo kama adui na kuitengenezea kingamwili, na hali hiyo ndiyo inayoitwa mzio. Ukiila, kingamwili hizo zinaamsha seli za ulinzi, nazo zinamwaga histamini na kemikali nyingine kwa mpigo. Kwenye ngozi unaona vipele, tumboni unatapika, kwenye njia ya hewa koo linabana na kifua kinapiga filimbi, na kwenye mishipa shinikizo la damu linashuka hadi mtu anazimia. Mara ya kwanza uliguswa midomo na ngozi, kisha harusini tumbo na koo. Hakuna awezaye kukuahidi kwamba mara nyingine itakuwa nyepesi.

Sasa hilo la mvuke. Mvuke unaua vijidudu kwa sababu vijidudu ni viumbe hai. Tropomiosini haina uhai wa kuuawa, na ni protini sugu kwa moto. Kamba achemshwe, akaangwe, au aanikwe juani awe mkavu kama uduvi wa sokoni, bado inafanya kazi yake. Tena inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo hata supu iliyochemshiwa maganda ya kamba ikachujwa vizuri, inaweza kukudhuru bila wewe kuona kipande kimoja. Na kama kuna aliyekuambia tatizo ni madini joto yaliyomo kwenye vyakula vya baharini, mwambie hapana. Madini joto umeyala kwenye chumvi ya nyumbani maisha yako yote.

Piritoni inapunguza mwasho na vipele. Haifungui koo lililobana wala haipandishi shinikizo la damu lililoanguka. Ukiimeza kabla ya kula, inaweza kukufichia dalili za mwanzo za ngozi, zile ambazo zingekuambia uache kula. Dawa ya hali kama ile ya harusini ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, na mapema. Kwa hiyo, kabla ya habari za menyu, wiki hii nenda hospitali ya rufaa ukamwone daktari. Mweleze ulichokula harusini, ilichukua dakika ngapi hadi dalili kuanza, na sindano gani ulipewa kama kuna karatasi. Mwambie kama una pumu, kwa sababu pumu inaongeza hatari. Omba kipimo cha ngozi au cha damu, na muulize waziwazi: nipate adrenalini ya kusafiri nayo kwa njia gani, na nani atanifundisha kuichoma? Sindano maalumu za kujichoma mwenyewe usitegemee kuzikuta kwenye duka la dawa la mtaani, wala usiseme nitanunua nikifika. Ndiyo maana nasema wiki hii, isiwe siku mbili kabla ya ndege.

Haya, tuje mezani.

Dim sum ni chakula cha Wakantoni, watu wa jimbo la Guangdong na Hong Kong. Lakini ukimsikiliza mwenyeji wako vizuri, huenda asikualike "kula". Wakantoni husema wanakwenda yum cha, maana yake kunywa chai, na Guangzhou utasikia pia zaocha, chai ya asubuhi. Utaratibu wao wa kale una msemo wake, "birika moja, vitafunwa viwili". Chai ndiyo mwenye shughuli, vitafunwa vinaisindikiza. Mkahawa wa kawaida wa namna hiyo Jumapili asubuhi umejaa makelele ya heri: babu na gazeti lake, wajukuu chini ya meza, familia nzima zimezunguka sahani. Vyakula vinakuja katika vikapu vidogo vya mianzi, vitatu au vinne ndani ya kila kikapu, vingi vikiwa vimepikwa kwa mvuke. Unaagiza kwa kutia alama kwenye karatasi au kwa simu, na watu hukaa saa mbili au tatu bila mtu kuwafukuza. Likumbuke hili la chai, tutalirudia.

Ugumu wako ni kwamba karibu kila kitu hapo kimefungwa ndani ya kingine, kama sambusa. Jicho linaona unga, siri iko ndani.

Waislamu wengi wa kwetu wakifika huko hukimbilia har gow, vile vifuko vyeupe vinavyong'aa ambavyo kamba wa rangi ya waridi anaonekana kwa ndani. Wanajiambia, kamba ni halali, nimepona. Ila katika upishi wa asili, kamba yule huchanganywa na mafuta ya nguruwe yaliyokatwakatwa ili alainike. Wewe huyo anakukataa kwa sababu mbili. Siu mai, zile za kikombe cha njano kilicho wazi juu, kwa kawaida ni nguruwe na kamba pamoja. Char siu bao, mkate mweupe uliopasuka juu, ni nguruwe wa kuchoma. Hizi tatu angalau zinajulikana. Mimi naogopa zaidi zile zisizojulikana.

Nilipokuwa nasoma lishe Guangzhou, mwaka wangu wa kwanza niliagiza keki ya figili. Jina lake linasema figili, picha inaonyesha kipande cheupe kilichokaangwa juu na chini, nikaona huu ni mboga mtupu. Nilipotafuna nikakuta vipande vyekundu vitamu. Ilikuwa soseji ya nguruwe, na pamoja nayo uduvi mkavu. Sikudanganywa na mtu, ndivyo keki hiyo inavyopikwa. Kwako wewe, tonge lile lingekuwa haramu na hatari kwa wakati mmoja, na limeandikwa figili.

Vivyo hivyo andazi la magimbi lenye utando wa nyuzinyuzi kwa nje: unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na katikati huwa na nyama yake. Vitobosha vya mayai, vitamu kabisa na kipenzi cha watoto, ganda lake la asili ni la mafuta ya nguruwe, ingawa siku hizi wengi hutumia siagi. Wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi unaitwa wa kuku, lakini ndani mara nyingi kuna soseji ileile ya nguruwe. Mipira ya nyama ya ng'ombe ya mvuke huongezewa mafuta ya nguruwe ili iwe laini. Mboga za majani huletwa zimemwagiwa mchuzi wa chaza. Chaza si jamaa wa karibu wa kamba, wapo wenye mzio wa kamba wanaomla salama na wapo wasioweza, kwa hiyo hilo nalo lipeleke kwa daktari. Na mchuzi uitwao XO, unaosifiwa sana, umejengwa juu ya uduvi mkavu na nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa.

Jambo moja la lugha ambalo wasafiri hawaambiwi: Kichina kikisema "nyama" tu, rou, 肉, bila kutaja mnyama, maana yake ni nguruwe. Ng'ombe huandikwa 牛肉, kondoo au mbuzi 羊肉, kuku 鸡肉. Kamba ni 虾, na alama hii ndiyo ningekuomba uikariri hadi uitambue usingizini.

Tuseme umepata kitu ambacho hakina nguruwe wala kamba ndani yake. Bado lipo jiko. Vikapu hupangwa ghorofa kwa ghorofa juu ya mvuke mmoja, na maji ya kikapu cha juu hudondokea cha chini. Kibao kilichokunjiwa kamba ndicho kinachokunjiwa uyoga. Mafuta yaliyokaangia roli za kamba ndiyo yanayokaangia vitobosha vya ufuta. Kisha mezani, mke wa mwenyeji wako, kwa upendo mtupu, atachukua kijiti chake kilichotoka kwenye har gow na kukuwekea kitu sahanini. Huo ni ukarimu wa kweli, na kwa mtu mwenye historia ya koo kubana ndio ninaouogopa kuliko menyu yote.

Kuhusu ng'ombe na kuku wa pale, suala la kuchinjwa linabaki hata jiko likiwa safi namna gani. Hukumu yake muulize sheikh wako, mimi ni mtu wa lishe. Nakueleza tu kilichomo kwenye chakula.

Basi ufanye nini? Ningekushauri kwanza kabisa ubadilishe mahali, na ulifanye hilo mapema, kwa maandishi. Mwandikie mwenye kiwanda sasa hivi, usisubiri Jumapili. Mwambie unafurahi kwa mwaliko, wewe ni Mwislamu, kamba wanaweza kukuua, na unaomba mkutane mahali unapoweza kula. Wanaokuambia utamvunjia heshima wamekosea. Mwenyeji wa Kichina anaona haya mgeni wake akikaa na njaa mezani, na ataona haya zaidi mgeni akibebwa na gari la wagonjwa. Ukimwambia mapema umempa nafasi ya kukutunza. Ukimwambia baada ya vikapu 12 kufika, umemnyima.

Mahali ninapopapenda kwako ni mkahawa wa mboga wa Kibuddha. Miji mikubwa ya China huwa nayo, hasa jirani na mahekalu, na mingi ya Guangzhou inapika dim sum kamili: vifuko vya uyoga, roli za unga wa mchele, mikate ya mvuke. Hawaingizi nguruwe jikoni, hawaingizi mafuta yake, hawaingizi kamba wala kaa. Yaani fundo lako lote linafunguka kwa mlango mmoja, na mwenyeji wako bado anapata chai yake na vikapu vyake. Utakachokuta cha kushtua ni majina, kwa maana wanaiga vyakula vya nyama na wanaweza kuandika "kamba" kwenye kitu cha unga wa mizizi. Usikimbie, ila uliza kila mara, na uulize pia kama wanapikia mvinyo.

Mkahawa wa halali ni chaguo la pili, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Alama ya halali huko ni 清真, na eneo la Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, linayo mingi, ikiwemo ya tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou. Si mbali na hapo upo msikiti unaonasibishwa na kaburi la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Ukisali Ijumaa pale utakutana na watu wa kwetu watakaokuelekeza pa kula. Hong Kong nako, kwenye kituo cha Kiislamu cha Wan Chai, kuna kantini ambayo kwa miaka mingi imeuza dim sum za halali. Lakini halali inakutoa kwa nguruwe, haikutoi kwa kamba. Kwenye dim sum za halali kamba ndiye mfalme, kwa sababu ameachiwa nafasi ya nguruwe. Mkahawa wa tambi za Lanzhou una nafuu kwako, maana chakula chao ni ng'ombe na kondoo, watu wa bara lisilo na bahari. Uliza hata hivyo.

Ikishindikana kubadilisha, nenda, unywe chai. Msimamo wangu ni huo na sitaulegeza kwa mtu aliyewahi kubanwa koo: usile kilichotoka kwenye jiko lile. Kula kabla hujatoka hotelini, beba ndizi au machungwa ya kumenya mwenyewe, kaa na wenyeji wako saa zote mbili. Najua kwetu kukaa mezani bila kula ni uzito. Lakini umealikwa kunywa chai, na chai utainywa. Chagua pu'er, nyeusi na nzito, au ya maua ya krisanthemu kama hutaki kukosa usingizi. Utaona watu wa Guangzhou wakisuuza vikombe na bakuli kwa chai ya moto kabla ya kuanza. Suuza nawe, ila ujue kusuuza huko ni desturi ya usafi, hakuondoi mzio, kwa hiyo kikombe chako kisichanganywe na cha mtu.

Usitegemee kumweleza mhudumu kwa ishara au kwa programu ya tafsiri peke yake. Chapisha kadi hii, ichapishe mara tano, na uiweke pia kwenye simu:

我对虾、蟹严重过敏，虾米和虾酱也不能吃，误食会有生命危险。我是穆斯林，不吃猪肉和猪油，也不喝酒。

Inasema: nina mzio mkali wa kamba na kaa, hata uduvi na mchuzi wa uduvi siwezi kula, nikila kwa bahati mbaya maisha yangu yatakuwa hatarini. Mimi ni Mwislamu, sili nyama wala mafuta ya nguruwe na sinywi pombe. Kabla hujaipeleka kwa mhudumu, mwonyeshe mwenyeji wako aisome, yeye ndiye atakayepigania uelewe na ueleweke. Jikoni wakijibu kwa kusitasita, hilo ni jibu tosha.

Na mambo yakiharibika: midomo ikiwasha, sauti ikibadilika, tumbo likisokota ghafla, au ukihisi hofu kubwa isiyo na sababu, usiende chooni peke yako. Wengi huzidiwa huko, nje ya macho ya watu. Mwambie mwenyeji. Kama daktari amekupa adrenalini, choma pajani kwenye dalili za kwanza za koo, kifua au kizunguzungu, usisubiri kuona kama itapita. Lala chali miguu ikiwa juu, au ukae ukiegemea kama pumzi ndiyo inayosumbua, na usisimame kwa ghafla. Gari la wagonjwa China bara ni namba 120, Hong Kong ni 999. Hata ukijisikia mzima baada ya sindano, nenda hospitali ukae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi mara ya pili bila kula tena. Hapo Piritoni inaweza kufuata baadaye, kwa ajili ya mwasho tu.

Daktari akikuambia baada ya vipimo kwamba hali yako haifai kusafiri bila dawa mkononi, na dawa haijapatikana, ahirisha Jumapili ile au safari yenyewe. Kontena linaweza kupakiwa wiki mbili baadaye.

La heshima nimelibakiza, maana ulilitaja kwa uchungu. Mwenyeji akikumiminia chai, gonga meza taratibu mara mbili tatu kwa ncha za vidole viwili, ndiyo asante yao. Wamiminie na wao, umwanze mkubwa kwa umri. Vijiti usivichomeke wima kwenye bakuli, vinafanana na udi wa msibani. Bili ikija, onyesha nia ya kulipa, kisha mwachie alipe, na umwambie zamu yako itakuwa Dar es Salaam. Na birika likiisha maji, acha mfuniko wake wazi pembeni, mhudumu ataona na kuja kuongeza.